Wazazi mlio Marekani, kabla mtoto hajasaini ED (Early Decision, kuomba chuo mapema kwa kujifunga) pitieni hapa kwanza (uzi mrefu kidogo)

BabaNuru (mwanzisha uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Niko Maryland mwaka wa 17 sasa, nafanya kazi maabara ya hospitali, mama watoto anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Binti yetu wa kwanza alimaliza sekondari mwaka jana na yale tuliyopitia Desemba ile bado yananiuma, hasa nikiona wazazi wenzangu wanaingia kichwa kichwa. Kwenye group letu la WhatsApp kila ikikaribia Novemba mosi ujumbe ni ule ule, mwambie mtoto asaini ED chansi inakuwa mara mbili mara tatu. Sijaona hata mmoja anauliza, chuo kikupe chansi mara tatu bure bure kwa lipi?

Kwa wageni wa haya mambo. ED ni kuomba chuo KIMOJA mapema, dedlaini nyingi ni Novemba 1 na vingine Novemba 15, majibu yanatoka katikati ya Desemba. Kinachoitofautisha na maombi ya kawaida ni saini. Anasaini mtoto, anasaini mzazi, anasaini na mshauri wa shule, kwamba akichukuliwa anaenda hapo na maombi mengine yote anayafuta. Ipo na ED ya pili, dedlaini Januari mwanzoni majibu Februari, masharti yale yale. Msichanganye na EA (Early Action). EA unaomba mapema lakini hufungwi, unapata jibu mapema halafu una mpaka Mei 1 uamue. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana EA yenye masharti, hawakulazimishi kwenda kwao ila wanakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine vya binafsi. MIT EA yao iko wazi. Columbia, Brown, Cornell, Dartmouth, Penn, Duke, Northwestern, hao wote ni ED ya kufunga. Vyuo vya University of California havina kabisa hiki kitu, wote mnaomba dirisha moja.

Sasa chuo kinapata nini? Kuna namba moja wanailinda kama mboni ya jicho, kwa Kiswahili tuiite mavuno, yaani kati ya watoto 100 waliopewa barua ya kuchukuliwa ni wangapi kweli wanakuja. Harvard mavuno yao ni zaidi ya 80. Vyuo vingi vizuri vya chini yake vinahangaika na 30 au 40, maana mtoto mwenye akili anakuwa na barua tano mkononi na anaenda kwa mmoja tu.

Nawawekea namba za mfano, nimezipanga mwenyewe ili tuelewane. Chuo kinataka wanafunzi 1,000 wa mwaka wa kwanza, walioomba 30,000. Bila ED kati ya wanne waliopewa barua anakuja mmoja, kwa hiyo lazima watume barua 4,000 ndo wapate 1,000 wao. Wamechukua asilimia 13 na ushee. Haya ingiza ED. Wanaomba mapema 3,000, wanachukuliwa 500, na hao 500 wanakuja wote kwa sababu walishasaini. Zimebaki nafasi 500 za kugombaniwa na watu 27,000, na kwa mavuno yale yale ya mmoja kwa wanne zinatoka barua 2,000. Jumla barua 2,500 badala ya 4,000. Walimu ni wale wale, mabweni yale yale, lakini sasa chuo kinaonekana kinachukua asilimia 8 tu na mavuno yametoka 25 yamefika 40! Walioomba mapema wamepita karibu 17 kwa kila 100, wa kawaida 7 kwa kila 100. Hiyo ndo chansi mara mbili mnayotumiana kwenye group. Na si mfano wa kufikirika sana, Penn na Duke karibu nusu ya darasa la mwaka wa kwanza linajazwa na ED.

Kwa hiyo ED ni biashara. Mtoto anatoa kitu, uhuru wake wa kulinganisha ofa, chuo kinampa nafasi nzuri zaidi. Mwenye hela ya kulipa yote anatoa kitu ambacho hakimgharimu chochote. Mimi na wewe tunaohesabu mshahara tunatoa kitu cha thamani kubwa kuliko vyote tulivyonavyo kwenye hii safari, maana kulinganisha ofa ndo silaha pekee ya familia isiyo na akiba.

Yaliyotukuta sisi. Binti alipenda chuo kimoja, sitakitaja, gharama yote kwa mwaka inakaribia dola 88,000. Tukaingia kwenye kikokotoo chao cha gharama halisi kwenye tovuti yao (sheria ya shirikisho inalazimisha vyuo kuwa nacho tangu 2011), tukajaza mshahara wangu na wa mama yake, kikatoa familia italipa kama 14,000. Tukasema tutajibana, nitaongeza zamu. Tukasaini. Desemba barua ikaja amechukuliwa, nyumba nzima vigelegele, mama yangu Kibaha alipiga simu analia. Siku tatu baadaye ikaja barua ya msaada wa fedha. Tulipe 27,500. Kwa mwaka!

Nikapiga simu ofisini kwao. Sababu ni nyumba ya Kibaha. Ile nyumba tulimjengea mama kidogo kidogo kwa miaka tisa, haijawahi kupangishwa, lakini hati ina jina langu. Kikokotoo tulichojaza kilikuwa kifupi hakikuuliza kuhusu mali ya nje ya nchi, fomu kubwa ya CSS Profile, ile ya kuombea msaada wa fedha wa chuo chenyewe, inauliza na sisi tulijaza kwa ukweli, wao wakaihesabu kama kitega uchumi. Nikaandika rufaa, nikatuma picha, nikaeleza kwamba siwezi kumtoa mama yangu nje niuze nyumba ili nilipe ada. Wakapunguza 3,000. Tukaomba kufunguliwa kwenye ile saini ya ED, wakatufungulia, hawakuleta shida kwenye hilo. Ila ilikuwa tarehe 20 Desemba na maombi ya kawaida yanafungwa Januari 1. Binti aliandika insha za vyuo sita kwa siku kumi, Krismasi nzima yuko chumbani anaandika anafuta, anajiona yeye ndo ametuingiza hasara. Kumuona mtoto wa miaka 17 anaomba radhi kwa kuchaguliwa chuo, jamani, sitamani mzazi yeyote apitie.

Maswali karibuni.

Kijana_wa_Mbagala

Pole sana mkuu. Mimi niko bongo nauliza kwa kujifunza, mbona hii kama ya kwetu tu ya TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania)? Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja si unatumiwa namba ya siri unathibitisha kimoja vile vingine vinakuachia, au nimeelewa vibaya?

BabaNuru

Swali zuri mkuu. Tofauti ni wakati. Kwa TCU unathibitisha BAADA ya kuona umechaguliwa wapi na wapi. Kwenye ED unathibitisha KABLA, hujajua utachukuliwa, hujajua utalipa shilingi ngapi, hujajua kama kwingine wangekupa zaidi. Ingekuwa TCU inakwambia thibitisha UDSM leo, matokeo utayaona mwezi ujao, na mkopo wa Bodi utajua mbele ya safari. Kwetu wangeandamana.

MamaMapacha_Houston

Kaka BabaNuru shikamoo, pole kwa yaliyowakuta ila naomba nitofautiane nawe kidogo ili watu wasiogope kupita kiasi. Kijana wangu aliingia kwa ED chuo kidogo cha huko kaskazini, mimi ni mjane, kipato changu hakifiki 60,000, na tunalipa kidogo kuliko ambavyo tungelipa chuo cha jimbo hapa hapa Texas. ED ndo ilimsaidia, maksi zake zilikuwa nzuri ila si za kutisha. Kama ningesoma uzi kama huu wakati ule ningemkataza na angekosa. Watoto wetu tayari wanaachwa nyuma, wenye hela wanaitumia hii njia kila mwaka sisi tukae pembeni tunaogopa?

BabaNuru

Marahaba dada yangu, na hongera kwa kijana. Sikatai hata neno moja. Chuo chenu bila shaka ni vile vinavyoahidi kuziba pengo lote la mahitaji, yaani kile familia isichoweza kulipa, na hali yako ilikuwa wazi, mshahara mmoja, huna nyumba ya pili, huna biashara. Kwa familia ya hivyo kikokotoo hakikosei sana na ED inaweza kuwa mlango mzuri. Wanaoumia ni sisi wa katikati na wenye mambo yasiyonyooka, mzazi aliyejiajiri, waliotalikiana (vyuo vingi vya CSS vinataka fomu ya baba na ya mama hata kama hawaongei), wenye kiwanja nyumbani, wenye teksi ya Uber na vitabu vya kodi vilivyojaa makato. Hapo namba inaruka.

Na kuna kitu naomba niongeze kwa mtu mwenye hali kama yako ambaye mtoto bado yuko mwaka wa tatu wa sekondari, amtazamie QuestBridge. Ule ni mpango wa skolashipu kwa watoto wa familia za kipato cha chini, kwa kawaida chini ya 65,000 kwa familia ya watu wanne, dedlaini ni Septemba mwishoni na majibu Desemba 1. Inafunga pia kwa vyuo vingi, lakini pale kabla hujafungwa unajua unachofungiwa, ni skolashipu ya miaka minne yote. Hiyo ndo aina ya kufungwa ambayo mtoto wa mtu wa kawaida anaweza kusaini bila kutetemeka.

Ile hoja yako ya wenye hela kuitumia kila mwaka ni kweli tupu. Mwaka 2003 watafiti watatu, Avery, Fairbanks na Zeckhauser, walichambua maelfu ya maombi wakaona kuomba mapema kunamsaidia mtoto kama vile ameongezewa pointi 100 kwenye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo. Pointi 100! Watu wanalipia twisheni miaka miwili kuzipata hizo. Mwaka 2006 Harvard na Princeton wakafuta kabisa maombi ya mapema, na University of Virginia wakafuta ED yao, wakisema wazi kwamba inawapendelea wenye nafasi. Wenzao wengi hawakufuata. Ilipofika 2011 Harvard na Princeton wakarudisha, wote wawili kwa ile EA isiyofunga. Virginia nao baadaye wakairudisha ED. Ukiwa peke yako unaona haki halafu jirani anakuchukulia wanafunzi unachoka.

Mdau_mmoja

Hivi haya mavuno si yanahusiana na zile ranking za vyuo za jarida la U.S. News? Nasikia ndo maana wanahangaika hivyo

BabaNuru

Zamani ndiyo. U.S. News walitoa mavuno kwenye hesabu yao 2003, na asilimia ya wanaochukuliwa wakaitoa 2018. Lakini tabia haikufa, maana faida kubwa ni ya ndani. Ukijua Desemba nusu ya darasa limejaa na wengi wao wanalipa yote, bajeti imekaa, vitanda vya bweni unajua, bodi ya chuo inalala usingizi. Mavuno yakikosea juu una watoto wengi kuliko vitanda, yakikosea chini una pengo la mamilioni mwezi wa sita. Ndo maana pia baadhi ya vyuo vinaangalia kama mtoto ameonyesha nia, amekuja kutembelea, anafungua barua pepe zao, kahudhuria kikao chao cha mtandaoni. Chuo kikihisi wewe unakitumia kama akiba tu kinaweza kukuweka orodha ya kusubiri ingawa maksi zako ziko juu. Kama chuo kinaangalia nia wameandika wenyewe kwenye hati inaitwa Common Data Set, sehemu ya C7, na namba za ED ziko C21. Gugo jina la chuo na hayo maneno utaipata, ni bure.

Ila mkisoma C21 muwe makini, ile asilimia kubwa ya ED ndani yake kuna wanamichezo ambao kocha alishawachagua, kuna na watoto wa waliosoma hapo. Ukiwatoa hao, mtoto wako wa kawaida chansi yake si ile iliyoandikwa, ingawa mara nyingi bado ni juu kuliko ya kawaida.

Kiprono_Eldi

Salamu kutoka Eldoret. Hapa kwetu kuna KenSAP, imekuwa ikipeleka watoto werevu wa familia maskini vyuo kama hivyo vya Amerika tangu 2004. Swali langu ni kwa mwanafunzi ambaye yuko Afrika, hana green card wala uraia. ED inamsaidia ama inamuumiza?

BabaNuru

Karibu ndugu. Kwa wa nje hesabu inabadilika. Kwanza FAFSA, fomu ya msaada wa fedha wa serikali ya Marekani, haiwahusu, wanajaza CSS Profile au fomu ya chuo chenyewe. Pili vyuo vingi vikipokea ombi la mgeni vinaangalia anahitaji hela kiasi gani KABLA ya kuamua kumchukua, na kapu la hela za wageni ni dogo. Kapu hilo linaanza kuliwa kwenye ED, Machi linakuwa limepungua. Kwa hiyo kwa mgeni mwenye uhitaji mkubwa kuna hoja nzuri ya kuomba ED kwenye chuo kinachoziba pengo lote, maana akikubaliwa amekubaliwa na hela zake. Vichache havimhukumu mgeni kwa uhitaji, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin ni kati ya hivyo. Angalia hapo Amherst, Dartmouth na Bowdoin wana ED. Kama mtoto yuko chini ya KenSAP awasikilize wao kwanza. Kwa Dar na Nairobi kuna EducationUSA chini ya ubalozi wa Marekani, ushauri wao hauna malipo, waachane na mawakala wa mjini wanaotoza milioni mbili kujaza fomu.

Mdau_mmoja

Na mtu akisaini akachukuliwa halafu akagoma kwenda anashtakiwa?

BabaNuru

Mahakamani hapana. Fomu yenyewe inasema kama msaada wa fedha hautoshi kukuwezesha kusoma unaweza kukataa na ukafunguliwa, ndo njia tuliyopita sisi. Lakini kugoma kwa sababu umeota Stanford usiku ni jambo jingine. Mshauri wa shule amesaini, chuo kinaweza kuinunia shule, na mdogo wako akija kuomba miaka miwili baadaye anakuta mlango umefungwa nusu. Kuhusu vyuo kupeana majina ya waliosaini, wizara ya sheria ya Marekani iliwaandikia baadhi ya vyuo 2018 kuuliza hilo. Na Agosti 2025 ilifunguliwa kesi mahakama ya shirikisho Massachusetts dhidi ya vyuo 32, walalamikaji wanasema ED inaua ushindani na kupandisha bei. Mwaka huo huo University of Michigan, chuo cha umma tena kikubwa, nao ndo wakaanzisha ED yao! Kwa hiyo msitegemee itaondoka kesho.

MamaMapacha_Houston

Kaka hebu tuambie basi, ukirudi nyuma ungefanya nini tofauti? Maana nina mdogo wake anakuja.

BabaNuru

Dada, kitu cha kwanza nisingejaza kikokotoo usiku nimetoka zamu. Ningekaa na mama yake, tujaze na kila mali, kiwanja, nyumba, akaunti ya CRDB, kila kitu chenye jina letu, halafu nichukue ile karatasi niipeleke ofisi ya msaada wa fedha ya chuo mwezi wa TISA niwaandikie barua pepe, familia yetu ni hii, tuna nyumba ya mama Tanzania, mtaihesabuje? Baadhi ya vyuo vinakubali kukupa makadirio ya mapema ukiomba, kwa maandishi. Wasiotaka kujibu swali kabla sijasaini, nisingesaini. Ndo msimamo wangu mpaka leo na nimewaambia hivyo wazazi wote wa group.

La pili ni insha. Hata kama mtoto ameomba ED, maombi mengine yawe yameandikwa yamekamilika kabla ya Desemba, yamekaa tu yanasubiri. Na aombe EA chuo cha jimbo pamoja na ED, vyuo vingi vya umma vinaruhusiwa. Sisi kilichotuokoa ni hicho, alikuwa ameshaomba chuo cha jimbo mapema, Februari wakamchukua na skolashipu juu, tunalipa chini ya 10,000 na yuko kwenye maabara ya profesa toka mwaka wa kwanza.

Na msimtegemee mshauri wa shule kwa haya. Si kwamba ni watu wabaya. Kitaifa mshauri mmoja ana wanafunzi zaidi ya 370, wakati inayopendekezwa ni 250. Shule za binafsi za matajiri mshauri ana watoto 40, anajua mpaka jina la mbwa wao. Wa kwetu alisaini fomu ya ED bila hata kutuita.

MamaMapacha_Houston

Nimekuelewa. Nina rafiki yangu wa Dallas kijana wake alitaka kusaini Jumamosi hii, namtumia uzi sasa hivi.

Mama_Rehema_Dallas

Ndo mimi huyo rafiki, nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Jana usiku tumerudia kikokotoo na mume wangu. Mara ya kwanza bila kiwanja cha Chanika kilitoa 11,400. Tumeweka kiwanja na lile duka la mdogo wangu ambalo leseni ina jina langu, kimetoa 19,800. Asubuhi nimewaandikia chuo barua pepe nimeuliza kama mlivyosema. Wamejibu kwamba makadirio rasmi hawatoi mpaka mtoto achukuliwe.

BabaNuru

Pole dada, lakini afadhali umejua leo. Kijana anasemaje?

Mama_Rehema_Dallas

Alinuna kidogo. Halafu akachukua laptop mwenyewe akabadilisha, ameomba EA kwenye vyuo viwili vya jimbo na kile anachokipenda ataomba kwa kawaida Januari. Insha tatu zimeshakamilika, ya nne anaiandika hapa sebuleni.

BabaNuru

Akimaliza ya nne nitumie inbox nimpe binti yangu aipitie, yuko likizo wiki ijayo na amesema atasaidia yeyote.

Mama_Rehema_Dallas

Asante sana kaka. Natuma Jumapili usiku.